Maji Hupimwa kwa Kiwiko

Usevya,
14 Septemba 1997

Kwa binti yangu Pelagia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima kama inavyotuacha sisi, mimi na shangazi yako Prisila. Mpunga tulivuna, si haba. Jua sasa ni kali na watu wameanza kutazama mawingu. Uzima upo, ila miguu.

Sikuandikii ili kusuluhisha lolote. Nakuandikia kwa sababu nilikwenda zahanati, tabibu akaniambia, "Mzee katekista, una binti anayeosha vidonda Mpanda, halafu unakuja kuniuliza mimi habari za miguu?" Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Niliona aibu kumweleza kwa nini sikuulizi wewe, basi nikaitikia tu na kuondoka.

Mambo yako hivi. Katikati ya vidole kumekuwa kweupe, kumechanika, kunawasha na kunanuka. Naona ni maji ya majaruba ya mpunga, maana mwaka huu nilisimama ndani yake sana wakati wa kupandikiza. Visigino vina magaga ambayo punje ya mpunga ikiingia inapotea. Halafu nyayo zinaungua kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto, hasa nikijilaza. Prisila ananipaka mafuta ya mawese mguu mzima mpaka katikati ya vidole, lakini naona kama anamwagilia bustani.

Unajua nina vigango sita, na vyote naviendea kwa mguu. Jumapili iliyopita nilifika Kasansa watu wameshachoka kuimba. Katekista asiyeweza kutembea ana kazi gani?

Nitumie dawa ya kupaka. Mpe Shadrack, dereva wa lori la mpunga, anapita huku kila baada ya wiki mbili. Habari za mtu mwingine wa nyumba hiyo sikuuliza.

Ni mimi baba yako,
Telesfori Lyamba


Mpanda,
2 Oktoba 1997

Baba yangu mpendwa,

Milele na milele, amina. Shikamoo.

Barua yako imefika. Niliitazama bahasha muda mrefu kabla ya kuifungua, kwa sababu tangu tulipomzika mama ni miaka miwili na miezi mitatu, na nilishazoea kwamba kalamu yako ni ya vyeti vya ubatizo tu. Hatujambo. Mimi ni mzima, Minza ni mzima, ana miaka mitatu na nusu na anasema bila kupumzika. Wa tatu hukumwuliza, naye ni mzima.

Nimempa Shadrack tyubu mbili za dawa. Hiyo ni ya fangasi, ya katikati ya vidole. Lakini dawa peke yake haitoshi, baba. Fangasi anapenda majimaji. Ukitoka jarubani osha miguu kwa sabuni, kisha ukaushe, na ukaushe katikati ya kila kidole kwa kitambaa laini, hapo ndipo watu wote wanaporuka. Ndipo upake dawa, asubuhi na jioni, mwezi mzima, hata kuwasha kukiisha. Mwambie shangazi mawese yasiingie kati ya vidole. Yanamlisha huyo mgeni.

Magaga ni kinyume chake, yanataka mafuta. Loweka kisigino kwenye maji ya uvuguvugu, sugua polepole kwa jiwe laini, kisha paka mafuta kingali na unyevu. Usikate kwa wembe. Najua unaotumia, ule wa kunyolea ndevu. Achana nao.

Sasa hilo la kuungua ndilo linalonikosesha raha. Nataka nikuulize jambo, na naliuliza kama mhudumu wa chumba cha vidonda. Je, siku hizi unakunywa maji kupita kawaida? Unakwenda haja ndogo mara nyingi? Na pale unapokwenda, sisimizi wanakusanyika? Najua binti hamwulizi baba yake swali kama hilo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Nijibu hata kwa neno moja.

Msalimie shangazi Prisila.

Binti yako,
Pelagia


Usevya,
20 Novemba 1997

Kwa binti yangu Pelagia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi ni wazima. Mvua imeanza kwa fujo, wazee wanasema hawajaona ya namna hii. Mto Katuma umejaa na lori la Shadrack lilikwama siku mbili.

Dawa ya vidole imefanya kazi, nashukuru. Kuhusu swali lako la pili, nimekichana kile kipande cha barua nikakitia motoni, maana Prisila angeweza kukitumia kufungia chumvi na mtu akakisoma. Mimi ndiye niliyekuzaa. Sijui huko hospitalini mnafundishwa nini, lakini kwetu mtoto haulizi alipokojoa baba yake. Nakunywa maji, ndiyo. Hata ng'ombe wa wakwe zako wanakunywa, na hakuna anayewauliza.

Hata hivyo usisumbuke tena, kwa sababu nimepona. Tangu juma la Watakatifu Wote ule moto umekwisha kabisa. Nyayo zimetulia, hakuna kuungua, hakuna kuwasha. Wiki iliyopita nimetembea kutoka kigangoni mpaka nyumbani, nikavua ndala, Prisila akaona mwiba wa mgunga umezama kwenye unyayo mpaka mwisho. Sikuwa nimeusikia hata kidogo. Aliuvuta kwa koleo mimi nakula ugali. Nimetoa misa ya shukrani.

Sasa nina ombi moja. Mwakani Alhamisi Kuu itakuwa mara yangu ya ishirini na tano kukaa kwenye kiti cha Petro. Padri akianza kuwaosha miguu wale kumi na wawili, huanza na mimi. Siwezi kwenda na ndala, tena siku hizi zinachomoka njiani nami sina habari, watoto wananikimbilia nazo. Ninunulie viatu vya ngozi vya kufunga. Nimempa Shadrack kijiti, nimekikata sawasawa na unyayo wangu. Visiwe vipana. Kiatu kinachonibana ndicho ninachokisikia, kilicholegea naona kama sijavaa kitu.

Ni mimi baba yako,
Telesfori


Mpanda,
5 Desemba 1997

Baba yangu,

Milele, amina. Shikamoo. Hatujambo.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Baba, hujapona. Miguu yako imekufa ganzi.

Maumivu ni kama mbwa wa nyumbani. Anasumbua, anabweka, unatamani umfukuze. Siku akinyamaza ghafla hatusemi wezi wameisha. Humu kwenye chumba changu cha vidonda wamo watu watatu waliokuja na habari njema kama yako. Mmoja alitembea na msumari ndani ya kiatu kutwa nzima. Mmoja alilala karibu na jiko. Wote walisema hivyohivyo, kwamba hawakusikia kitu, na mpaka leo hawasikii, lakini vidonda wanaviona.

Nafikiri ni kisukari. Sisemi ni hicho mpaka damu ipimwe. Njoo Mpanda. Panda na Shadrack, ukae mbele. Utalala kwangu siku mbili na utarudi.

Kwa sasa fanya hivi, nakuomba. Kila jioni tazama nyayo zako. Kama huwezi kuinama, weka kioo chini, au shangazi akutazamie. Atafute mwiba, lengelenge, mahali pekundu, mahali penye joto kuliko kwingine. Kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute na utie mkono ndani. Usitembee pekupeku hata kwenda chooni.

Viatu vya ngozi sinunui. Kiatu unachokisikia kwa sababu kinakubana ndicho kitakachokutoboa. Kijiti chako nimekitunza, lakini kijiti kinajua urefu tu, hakijui upana, na upana wa mguu wako ninao kichwani. Niliiosha miguu hiyo tangu darasa la tatu mpaka siku niliyoondoka, kila ulipotoka vigangoni. Kidole kidogo cha kushoto kimetoka nje, kila kiatu kinakionea.

Atakayekukatia viatu ni Makoye. Nimemtaja, na usiikunje barua. Anakata viatu vya tairi hapa sokoni, na daktari wetu amekuwa akimletea wagonjwa waliokufa ganzi. Ndani anaweka sponji, pembeni anashona kwa uzi wa nailoni. Hatii msumari hata mmoja. Nilipomweleza habari zako, alitafuta kipande cha tairi siku hiyohiyo. Mtu uliyemnyang'anya beleshi kaburini mbele ya watu wote, akashindwa kumtupia mama mkwe wake udongo. Mimi sijasahau. Yeye anasema amesahau, sijui kama ni kweli.

Njoo, baba.

Binti yako,
Pelagia


Usevya,
3 Januari 1998

Kwa Pelagia,

Tumsifu Yesu Kristo. Noeli ilipita salama, mwaka mpya vilevile. Majaruba yamekuwa ziwa.

Nitasema mara moja. Mwaka ule ng'ombe wa baba yake walipoingia kwenye mpunga wetu, wakala wakalala humohumo, mimi nilikwenda kwao kudai haki. Nilirudi na maneno matupu. Baada ya miezi mitatu binti yangu akatoka na mtoto wa nyumba ileile, bila padri, bila mahari, bila kuaga. Jumapili iliyofuata ilinibidi nisimame kigangoni nifundishe sakramenti ya ndoa. Watu waliinamisha vichwa. Afadhali wangecheka.

Siwezi kuja kulala kwenye nyumba isiyo na ndoa, nikale hapo, kisha nirudi kuwaambia watu wasiishi hivyo. Na kiatu cha mtu yule hakitaingia mguuni mwangu. Viatu vya tairi ni vya kuchungia. Mimi sina ng'ombe.

Nyayo zangu anazitazama Prisila, macho yake yakiruhusu. Hajaona kitu. Umesema kisukari bila kupima, kwa kuwa tu nimekuambia nimepona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ulikariri methali hiyo shuleni, ukapewa na zawadi ya daftari.

Baba yako,
Telesfori


Mpanda,
8 Februari 1998

Baba yangu,

Milele, amina. Shikamoo baba. Poleni na mvua. Hapa reli imekatika, sukari imepotea, lakini wazima tupo.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu cha kushoto, ili usiweze kuvaa bila kuikuta. Makoye amevimaliza jana. Amevirudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilitia mkono ndani nikasema hapo kwenye kidole kidogo bado panabana. Akafumua mshono wote akaanza upya.

Hasira yako ya Januari nimeisoma. Mengine ni kweli. Sikuaga, na kosa hilo ni langu, si lake. Ninachokuambia sasa nilitaka kukuambia uso kwa uso, lakini huji, basi soma. Makoye anasoma katekesimu tangu mwaka juzi. Sikumlazimisha. Alianza baada ya mazishi ya mama, akasema anataka kujua ni nini kile kilichomfanya mzee amkataze udongo. Anabatizwa mkesha wa Pasaka, na Jumamosi inayofuata, tarehe 18 Aprili, tunafunga ndoa. Minza atashika ua.

Jina la ubatizo amekuachia wewe ulichague. Ameniambia, "Mzee amewapa majina watu wa vigango sita, hawezi kukosa moja la kunipa mimi." Padri amekubali kungoja mpaka Jumapili ya Matawi. Ukilituma kwa Shadrack litafika. Na ukija mwenyewe, baba, kiti chako kipo mbele.

Neno la mwisho, na hili usilipite. Alhamisi Kuu inakuja, na nakujua, utataka miguu ing'ae kabla padri hajaigusa. Usiiloweke kwenye maji ya moto. Maji usiyapime kwa mguu, hautakuambia ukweli. Hata kiganja chako usikiamini, kina sugu za jembe. Pima kwa kiwiko. Mama ndiye aliyenifundisha, kila nilipokuandalia beseni: "Tia kiwiko, ukihesabu kumi bila kukitoa, mpelekee baba." Wewe hukuona, ulikuwa sebuleni unavua koti. Mwambie shangazi akupimie. Kama hayupo, osha kwa maji baridi.

Nangoja jina.

Binti yako,
Pelagia


Usevya,
12 Machi 1998

Kwa Pelagia,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo.

Mzigo wako Shadrack ameuleta leo, baada ya kukwama wiki tatu. Sijaufungua. Harufu ya tairi imeujaza ua mzima, sikuhitaji kuufungua ili nijue ni nini na umetoka mkononi mwa nani. Nimeuweka darini pamoja na mbegu. Siku Shadrack akiwa na nafasi nitaurudisha.

Nimepata viatu vya ngozi Kasansa, kwa mtu aliyefiwa na kaka yake. Vinanikaa vizuri, navisikia. Kwa hiyo Alhamisi Kuu nitakwenda kanisani nikiwa nimevaa kama mtu.

Usinitumie tena kitu kilichopita mikononi mwake.

Baba yako,
Telesfori


Mpanda,
21 Aprili 1998

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 12 Machi imenifikia juzi. Siku arobaini kasoro, kwa sababu ya barabara. Siku zote hizo nilikuwa nahesabu, nikisema leo litafika jina, kesho litafika. Kumbe lilikuwa halijaombwa.

Ndani ya mzigo mna barua. Imo kwenye kiatu cha kushoto. Panda darini uitoe leo, hata kama viatu utavitupa.

Sitairudia yote. Makoye amebatizwa mkesha wa Pasaka. Padri alingoja mpaka Matawi, akangoja na siku mbili zaidi, kisha akafungua kalenda ya watakatifu akampa Respicius. Makoye aliitikia, lakini aligeuka kwanza akautazama mlango. Jumamosi tumefunga ndoa. Kwenye kiti chako alikaa Capitoline, muuguzi mkuu wa wodi yetu, kwa sababu ilionekana vibaya kukiacha wazi. Kwa hiyo nyumba yangu sasa ina ndoa, baba, na sababu yako ya kutokuja imekwisha. Tafuta nyingine au njoo.

Na ile habari ya maji naiandika tena hapa, ingawa Alhamisi Kuu imepita na naamini shangazi alikuwepo. Pima kwa kiwiko. Usiingize mguu kabla ya kiwiko.

Tangu hiyo ya Machi sijapata barua nyingine. Niambie ni barabara tu.

Binti yako,
Pelagia


Hospitali ya misheni, upande wa Ufipa,
7 Juni 1998

Kwa binti yangu Pelagia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika nimeegemea mto. Barabara ya kuja Mpanda ilikuwa haipitiki, wakanileta huku kwa machela na trekta, siku mbili. Mimi ni mzima kwa kiasi. Mguu wa kushoto wameukata chini ya goti, tarehe 19 Mei. Wamepima damu. Ni kisukari.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu mtu mwingine atakueleza vibaya.

Alhamisi Kuu Prisila alikwenda mapema kupamba altare. Nikabaki na miguu yangu. Niliitazama nikaona ni ya mkulima, myeusi, yenye magaga, nikasema padri hawezi kuinama mbele ya uchafu huu mwaka wa ishirini na tano. Nikachemsha maji mwenyewe. Nikatia chumvi kwenye lile beseni dogo la mama yako, linaloingia mguu mmoja tu. Nikaanza na wa kushoto. Nikasema maji yamepoa, maana sikusikia kitu. Nikatoa rozari nikaisali yote, matendo ya uchungu, yote matano, mguu ukiwa ndani. Ilipofika zamu ya wa kulia maji yalikuwa yamepoa kweli, ndiyo maana huo ninao mpaka sasa.

Nikavaa soksi, nikavaa viatu vya Kasansa, nikatembea mpaka kanisani. Nilisikia kubanwa kidogo nikafurahi.

Padri alipofika kwangu nilimnyooshea wa kushoto, kwa sababu ndio nilioutakatisha zaidi. Akashika soksi akaivuta, na ngozi ikaja pamoja na soksi. Mimi sikusikia, Pelagia. Nilijua kwa kuutazama uso wa padri. Yeye akaweka jagi chini, akavua kitambaa chake, akaufunga mguu wangu nacho bila kuosha. Wale kumi na mmoja waliobaki hawakuoshwa mwaka huu.

Baada ya hapo ni ubishi wangu. Walinitia majani, nikasema patakauka. Prisila alitaka kumtafuta Shadrack, nikakataa, nikasema utacheka. Wiki ya nne harufu ikawashinda majirani.

Barua yako ya Aprili ilifika nimeshaondoka. Prisila aliileta pamoja na mzigo wa darini. Nikaufungua hapa, kitandani. Nikaisoma ile ya Februari mara nyingi, sijui ngapi. Kuna mahali umeandika kwamba mimi nilikuwa sebuleni navua koti. Ni kweli. Miaka yote ile maji yalinijia yameshapimwa, kwanza na mama yako, kisha na wewe, na mimi nilidhani hivyo ndivyo maji yalivyo. Nimefundisha habari za kuoshwa miguu kwa robo karne, na sikuwahi kujua maji hupimwa kwa nini.

Uliniuliza swali mwaka jana nikalichoma moto. Jibu ni ndiyo. Sisimizi wapo. Wapo tangu kabla sijakuandikia barua ya kwanza, na nilikuwa nikiwafukia kwa mchanga ili Prisila asiwaone.

Siku ya mazishi ya mama yako nilimnyang'anya mumeo beleshi. Mguu wangu wameuzika nyuma ya wodi hapa. Sijui ni nani aliyeshika beleshi. Sikuuliza dini yake.

Kiatu cha kulia nimekivaa. Kimenikaa. Sikisikii, lakini muuguzi ametia kidole pembeni akasema hakibani popote, akauliza fundi ni nani. Nikamwambia ni mkwe wangu. Cha kushoto nakirudisha, ni kipya kabisa, hakijakanyaga. Huenda akapata mtu wa kukihitaji. Mwambie Respicius namsalimu. Kama ningeulizwa kwa wakati, sijui ningechagua jina gani. Ningetaka kukuambia ningechagua zuri, lakini mwezi wa tatu nilikuwa mtu mwingine, huenda nisingejibu.

Nisamehe kama unaweza. Watanitoa mwisho wa mwezi huu. Wamenipa magongo mawili, yanateleza kwenye sakafu.

Ni mimi baba yako,
Telesfori


Mpanda,
28 Juni 1998

Baba,

Milele na milele, amina. Shikamoo, na pole. Hatujambo hapa, sote watatu.

Sikuja. Usifikiri ni kwa kukosa ruhusa, Capitoline alinipa siku saba. Nilipanda gari mpaka Sitalike, nikawa nayapanga njiani maneno nitakayokuambia nikikuona, na tulipofika darajani nikagundua si maneno ya kumwambia mgonjwa. Nikashuka, nikangoja gari la kurudi. Nimeosha vidonda vya watu baki kwa miaka mitano. Kila mguu ulioingia mlangoni niliupimia maji kwa kiwiko changu, wa Mkristo, wa mpagani, wa mlevi. Mguu mmoja tu ndio niliokuwa nauandikia barua, na ndio uliozikwa.

Umeniomba msamaha. Nitakusamehe, nadhani, kwa sababu mama angetaka hivyo na kwa sababu nimechoka. Lakini leo bado, na sitaki kukudanganya kwa barua. Ile methali uliyoniandikia Januari sitakurudishia, ingawa imekaa mdomoni mwangu wiki nzima. Uliandika pia kwamba kiatu cha mtu yule hakitaingia mguuni mwako. Cha kushoto hakikuingia. Neno lako limesimama.

Mume wangu amezipokea salamu. Hapa nyumbani tunamwita Makoye bado, kwa kuwa lile jina jingine hakuna aliyelichagua.

Sasa sikiliza habari za mguu uliobaki. Utazame kila jioni, kwa kioo. Kausha katikati ya vidole. Kucha zikatwe moja kwa moja, pembe zisichimbwe, na akate mtu mwenye macho mazuri kuliko shangazi. Kama wamekupa vidonge, umeze hata siku unayojiona mzima. Zaidi siku hiyo. Na maji, baba, unajua.

Kiatu kilipofika Minza alikitia mguu wake mdogo akakiburuta uani, akauliza ni cha nani. Nikamwambia ni cha babu. Akauliza, babu yupi? Anamjua mmoja tu, yule mwenye ng'ombe.

Makoye alikichukua akakaa nacho kitambo. Kisha akachukua kisu akakikata, kisigino upande huu, sehemu ya vidole upande ule, akavichimba vipande katikati. Ni vya kuvika chini ya magongo yako, yasiteleze. Shadrack anapita huko Jumanne, nimempa mkononi. Hakuna barua nyingine ndani, vifungue tu.

Binti yako,
Pelagia